Siku Kaporali Alipofika Ukweni Mikono Mitupu

Nyinyi vijana munaobaki kule juu ya Mushaki, kwenye nyumba ya fromaji, ile jibini yetu, mulinisindikiza vizuri. Mulinipa mbuzi, mukanipa kofia, mukaniomba niandike miaka yangu ya kazi ili musirudie makosa yangu. Makosa yangu ni mengi kuliko ng'ombe wote wa Masisi, kwa hiyo nitaandika machache. Na kwa kuwa tulimzika Kaporali majuma mawili tu kabla sijavua gambuti zangu, kila nikishika kalamu inamwandika yeye. Nimeiacha iandike.

Musitafute hapa habari za vyeo wala mshahara. Cheo, hata yeye watu wetu walimnyima. Aliacha jeshi akiwa ajida, mtu wa kupigiwa saluti na makaporali wote, lakini siku aliyopanda mlima na gunia lake mgongoni mtu mmoja sokoni akamwita Kaporali, ikabaki hivyo mpaka juu ya msalaba wake. Miaka zaidi ya hamsini bila kupandishwa! Sisi watu wa milima hatupandishe mtu ovyo. Vita alivyopigana hakuvisimulia. Kutoka jeshini alileta vitu viwili tu tulivyoviona: kusema amri mara moja, na kula wa mwisho. Kama wafanyakazi kumi na wanne hawajashika sahani, yeye hakugusa hata kiazi.

Mimi nilifika kwake nikitoka Ngungu, na diplome ya shule ya jioni ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Niliipata nikiwa nimemzidi mwalimu umri. Yeye alikuwa ananiita Papa, mimi namwita Bwana Mwalimu, na mtihani wa fizikia niliusomea kwa taa ya mafuta mpaka nyusi zikaungua zote mbili. Nilijua bakteria kwa majina yao, nusura nijue na majina ya wake zao. Kaporali aliichukua ile diplome, akaisoma mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma ambako hakuna kitu.

"Hii karatasi iko muzuri. Inajua kuosha bidoni?"

"Karatasi haijue, Papa. Miye njo najua."

"Basi weka karatasi kwa mufuko, ulete weye."

Niliosha bidoni, yale madumu ya maziwa, miezi mitatu. Ukizipanga moja nyuma ya nyingine zingefika Kisangani na kurudi. Lakini shikeni hili, kwa sababu naona wengine wenu bado munakosea: maji baridi kwanza, ya moto baadaye. Ukianza na ya moto, maziwa yaliyobaki yanapikika kwenye ukuta wa bidoni, na kesho yake fromaji nzima inanuka soksi. Bakteria niliokuwa nawajua kwa majina, hapo njo nilikutana nao uso kwa uso.

Fundi wangu wa kweli alikuwa mke wake, Mama Georgette. Huyu Mama alizaliwa Walikale, kule msituni ambako watu wanakula samaki wa mto na mafuta ya mawese. Alikuwa hajaona ng'ombe karibu mpaka siku Kaporali alipomuoa, na siku hiyo, alituambia, alimuogopa ng'ombe kuliko bwana. Lakini mtu huyo aliyeogopa pembe akawa sikio la nyumba nzima. Alikuwa anapita kati ya mbao ambako fromaji zimelala kwa mistari, anagonga kila moja kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepiga hodi, anasikiliza. Ikijibu nzito, sawa. Ikijibu kama ngoma, ndani kuna upepo, iondoke. Mimi na fizikia yangu nilihitaji mwaka na nusu kabla sijasikia tofauti. "Faustin," alikuwa ananiambia, "usiigonge kama polisi. Igonge kama jirani."

Kesi ngumu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Asubuhi wafugaji wanapanga mstari na bidoni zao, na mimi nilikuwa nimepewa kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji. Mjane mmoja akaleta bidoni yake, kipimo kikazama kama jiwe. Nikasimama juu ya ngazi, nikasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Shasha kwenye ziwa: "Mama, hii haiko maziwa, hii iko mvua!" Watu wakacheka. Yule mama akainamisha kichwa, akaanza kubeba bidoni yake arudi nayo.

Kaporali alikuwa anatengeneza tairi. Akaja na mikono myeusi ya grisi, akaipokea ile bidoni kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto.

"Mama, leo ng'ombe yako ilikunywa maji mingi."

"Ilikunywa, Kaporali," mama akajibu polepole.

"Jua iko kali. Kesho itakunywa kidogo."

"Kesho itakunywa kidogo."

Maziwa yale walipewa mbwa na nguruwe, hayakuingia kwenye fromaji hata tone. Lakini yule mama hakutia maji tena mpaka ng'ombe wake akazeeka. Kaporali akanigeukia mimi. Nilitegemea matusi ya kijeshi, nilikuwa nimekwisha kukaza tumbo. Akaniambia: "Kipimo ni cha maziwa. Hakiko cha watu." Akarudi kwa tairi yake.

Njo alivyokuwa. Biashara yake ilikua, ikapata lori, lori likapata ndugu, fromaji zetu zikashuka mpaka Goma. Ila mimi kilichonishangaza ni nyuzi. Alikuwa na watoto tisa. Kila akiteremka mjini alibeba mfukoni nyuzi tisa, kila moja imekatwa kwa urefu wa mguu wa mtoto mmoja, na fundo lake la kumtambulisha. Mtu wa malori mawili anasimama sokoni, anaingiza uzi ndani ya kiatu, anautoa, anafunga jicho moja kama anayelenga shabaha. Hakuna mtoto wake aliyebanwa kidole. Nilijaribu mimi kwa wangu wanne, nikachanganya mafundo, mwaka mzima nyumba yangu ikatembea kama bata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo wengi wenu mumelisikia nusu nusu.

Miaka michache iliyopita Mama Georgette alishuka Walikale kumuuguza mama yake. Kule nyuma yake vita ikaamka, barabara ikafungwa kuanzia Nyabiondo kwenda chini, mtandao wa simu ukakatika. Miezi miwili hatukuwa na habari. Kaporali wakati ule alikuwa amepita sabini. Kila asubuhi alikuja kwenye mbao, anainua mkono kama anataka kugonga fromaji, anaushusha. Hakuwa na sikio lile na alilijua.

Halafu akafika mtu kwa miguu, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, na maneno kutoka kwa Papa Leonardi, kaka mkubwa wa Mama. Mama mkwe alikuwa amekufa siku nyingi, amezikwa. Katika ukoo wao, kaburi la mama mkwe linachimbwa na wakwe wanaume, waume wa binti zake. Kaporali hakuwepo, wengine wakachimba mahali pake. Sasa matanga yanafungwa baada ya siku tisa. "Mukwe asipofika mbele ya matanga kufungwa," ujumbe ulisema, "tutajua ukwe ulikufa pamoja na mama. Dada yetu atabaki kwetu."

Watoto wake walikuja wote waliokuwa karibu, wakamzunguka. "Papa, ungoje mutandao irudi, tuwapigie, tuwaelezee."

"Ukwe haufanywe kwa telefone," akasema. Mara moja. Mukumbuke alivyokuwa.

Kwa haki alipaswa kwenda na ng'ombe. Lakini wakati ule ng'ombe hakuweza kupita hata baryeri moja, kizuizi cha wenye bunduki, akabaki na miguu yote minne. Kwa hiyo akachagua fromaji saba. Sita ndogo, za kawaida. Na moja kubwa ya mwaka mzima, ganda jeusi, imekunjamana kama goti la ndovu. Kilo ishirini! Haya, kwa ukweli zilikuwa nane, lakini mgongo wangu unasema ishirini na mimi niko upande wa mgongo. Sababu mimi njo niliyeibeba. Alinichukua kwa kuwa nilikuwa na miguu mizuri na, alisema, mdomo wa kuchekesha watu wenye bunduki.

Tuliondoka kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Kwenye kila baryeri alitoa kisu, akakata ile fromaji ndogo vipande sawasawa, kipande kwa kila mtu, akatoa kwa mkono wake, akauliza, "Kwenu ni wapi, mwanangu?" Akiambiwa kijiji, alikuwa anakijua. Hakutoa nzima hata siku moja. "Ukitoa nzima hapa," aliniambia, "wa mbele watasikia kabla hatujafika, nao watataka nzima." Nilitembea nyuma yake nikitazama ile miguu ya zaidi ya miaka sabini ikipima matope, na mimi kijana wa hamsini na kitu natweta kama mvukuto.

Siku ya tatu, baada ya Nyabiondo, akaingia porini kidogo kwa haja zake, akaniambia niendelee polepole. Polepole yangu ikanifikisha kwenye baryeri kubwa, watu kama kumi na watano, na komanda wao amekaa juu ya kiti cha plastiki katikati ya barabara.

"Weye, mugongo mukubwa! Unabeba nini?"

"Fromaji, shefu."

"Leta tuone. Hapana ile kadogo. Ile ingine. Ile kubwa."

Mimi nilidhani, naapa kwa diplome yangu, kwamba ile kubwa ilibebwa kwa ajili ya baryeri kubwa kuliko zote. Na hii ilikuwa kubwa. Halafu ilikuwa nzito, na bunduki ilikuwa karibu. Mabega yangu yakanishauri, nikayatii. Nikaitoa nzima.

Kaporali alipotokea porini walikuwa wamekwisha kuipasua kwa panga. Alisimama. Aliangalia ile fromaji ya mwaka mzima ikiingia kwenye vinywa vilivyokuwa vinasema inauma ulimi. Akapiga saluti, komanda akacheka akamrudishia, tukapita. Tulitembea labda saa nzima, yeye mbele, mimi nyuma. Mwishowe nikamkimbilia.

"Papa, nimekosa wapi?"

"Ile ilikuwa ya kwao Mama Georgette."

Nilikaa chini katikati ya matope. Sikuchagua mahali. Nilimwambia anipige, aniache hapo, aende na mtu mwingine. Kwa ujumla nilisema maneno mengi ya upuuzi. Alingoja nimalize.

"Simama, Faustin. Muntu akipotea kwa njia ambayo hakuonyeshwa, kosa iko ya aliyemutuma. Miye sikukuambia. Beba gunia."

Hapo njo ilitoka ile kanuni munayoilalamikia, ya kufunga kamba ya mgomba kwenye kila fromaji iliyowekewa mtu. Musiache kuifunga. Na mwenye kuifunga aseme kwa mdomo pia.

Zile ndogo zilituishia Kibua. Baryeri ya mwisho walituomba fromaji, Kaporali akafungua gunia tupu, akawapa wanuse. Wakanusa mmoja mmoja, kwa zamu, wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo, wakatuacha tupite.

Tukaingia Walikale siku ya sita. Zilibaki siku tatu matanga kufungwa.

Nyumba yao iko kwenye mteremko unaoshuka kwa mto Lowa, na uani kulikuwa na watu wengi. Mkwe mwenye mikono mitupu havuki ua. Kaporali akasimama nje, gambuti nyekundu kwa udongo, akavua kofia. Kwenye mlango, kati ya wanawake wenye vitambaa vya matanga, nilimwona Mama Georgette. Alituona. Katika kilio chao binti wa marehemu haanzi kusema na mumewe mpaka ndugu wamempokea. Alitutazama, akatazama mikono ya bwana wake, akatazama chini.

Papa Leonardi akatoka. Mrefu! Alikuwa anainama hata nje ya mlango.

"Kaporali."

"Shemeji."

"Mikono iko mitupu."

"Iko mitupu."

"Miezi mbili tunangoja. Na mikono mitupu."

Nikafungua mdomo kupiga kelele kwamba ni mimi. Kaporali akakanyaga mguu wangu, na gambuti yote, akaniacha hapo chini ya uzito wake.

"Mama yetu alichimbiwa na nani?" akauliza.

"Na wakwe wengine. Weye ulikosa."

"Nilikosa. Munionyeshe pahali."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, nje ya ua. Mvua ilikuwa imelibomoa, udongo umeshuka katikati kama kitanda kilichokatika. Kaporali alilitazama muda mrefu. Halafu hakuomba chakula, hakuomba maji, akateremka mtoni. Akarudi na jiwe begani.

Nami nikashuka mbio kuchukua la kwangu.

"Weye uko mukwe wa nani hapa?" Kaporali akaniuliza.

"Hapana muntu, Papa."

"Basi kaa."

Nilikaa. Katika kazi yangu yote nimekesha na fromaji, nimebeba bidoni za barafu ya asubuhi, nimevuta kamba ya lori mpaka viganja vikafunguka. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya kukaa juu ya gunia tupu siku tatu nikimwangalia. Mteremko wa Lowa ukinyesha unakuwa sabuni. Alipanda, aliteleza, alipanda tena. Alianza kuzunguka kaburi kwa mawe ya mviringo, mstari wa kwanza, halafu wa pili. Tuliletewa sahani nje ya ua; yangu nilikula, yake alinisogezea mimi.

Watu wakaanza kutoka sokoni kuja kutazama. Wanawake wa mafuta ya mawese wakamchokoza.

"Ee Papa wa Masisi! Kule kwenu ng'ombe haibebe?"

"Kule kwetu ng'ombe inabaki kwa nyumba, Mama. Wanaume njo wanabeba!"

"Basi tutakuja kuolewa huko!"

"Mukuje na mawe yenu!"

Wakacheka, na wakati wanacheka niliona damu kwenye vidole vyake. Kwenye mlango Mama Georgette hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kitenge chake kwa mikono yote miwili. Papa Leonardi alipita mara kadhaa, mikono nyuma, kama mtu anayekagua.

Siku ya tatu, jua likiwa juu, lilibaki jiwe la kichwani. Alilichagua kubwa kupita akili. Ndama mzima! Alilisukuma, alilikumbatia, alilipandisha mpaka katikati ya mteremko, na hapo likakataa. Alisimama akilizuia kwa kifua lisirudi mtoni. Akisogea, linamponda. Asiposogea, nguvu zinakwisha. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, ukwe ama si ukwe.

Papa Leonardi alinipita, nami nikarudi kukaa juu ya gunia. Alivua shati akalitupa kwenye majani, akaingia upande wa pili wa jiwe.

"Shemeji, weye uko na wazimu."

"Beba."

"Miaka yako iko ngapi?"

"Beba, tutahesabu juu."

Wakapanda. Wazee wawili, mmoja mrefu kama mnazi na mwingine mnene kama kinu, wanaguna, wanatukanana kwa adabu, hatua moja, hatua moja. Na watu wote uani wakanyamaza. Nimeona maaskofu wakipita, nimeona magavana na pikipiki zao. Sijasikia kimya cha namna ile mbele ya mtu. Wakalishusha kichwani pa kaburi. Papa Leonardi akabaki ameinama, mikono magotini, anavuta pumzi. Bila kuinuka akanyoosha mkono mmoja, akaushika wa Kaporali, matope kwa matope, akamvuta mpaka ndani ya ua.

Hapo Mama Georgette akasimama. Wanawake wakampisha. Akatembea kulizunguka kaburi lote, pole pole, anatazama mstari wa kwanza, anatazama wa pili, mpaka akafika kichwani. Nami nikasikia sauti ile ambayo hatukuisikia miezi miwili.

"Iyo jiwe inalala vibaya."

Kaporali, aliyekuwa ameamrisha askari na ng'ombe na madereva na mimi, akarudi kaburini, akapiga magoti, akaweka mikono yake iliyochunika juu ya jiwe.

"Upande gani, Mama?"

"Kuume. Kidogo. Tena. Tena kidogo." Alikuwa ameinama karibu naye, bega likigusa bega. "Njo hapo. Acha sasa. Nenda unawe, ukuje ukule. Na uyu Faustin naye asimame, anakaa pale kama yeye njo alifiwa."